Chensoo ya mzee wa Chanika: plagi mpya, koili mpya, na bado haiwaki

Chensoo ililetwa kijiweni kwangu Buguruni ikiwa ndani ya kiroba cha mchele, mwenyewe kaipakata kwenye bodaboda kutoka Chanika, na masika ilikuwa imeshika kweli kweli, mtu mzima kalowa mpaka kofia. Shikamoo mzee, marahaba mwanangu, akaweka kiroba juu ya benchi na kabla hata hajakaa akasema, "Huu msumeno umenishinda, wiki ya pili hii. Nimenunua plagi, nimenunua koili, nimebadilisha mpaka kamba, hauwaki. Na nyumbani mjohoro umelalia paa la jiko la jirani."

Naandika hiki kisa kwa kirefu kwasababu chensoo zinazokuja kwangu zikiwa zimeshafungwa plagi mpya na koili mpya (ile inayotengeneza umeme wa cheche ya plagi) ni nyingi mno, alafu unakuta kilichokuwa kinaumwa hakijaguswa kabisa. Mzee alikuwa ameshatoa 5,000 ya plagi, 35,000 ya koili, 4,000 ya kamba na 15,000 ya ufundi. Hiyo ni 59,000 imeenda na mashine iko vilevile. Inaniuma sana hii kitu, maana jibu lilikuwa kwenye ile plagi waliyoitoa na kuitupa bila kuiangalia.

Kabla sijashika spana nilimuuliza maswali. Mara ya mwisho iliwaka lini, ilizimaje, unaweka mafuta gani, unachanganyaje. Akasema siku ya mwisho ilikuwa inafanya kazi vizuri tu, ila ilikuwa inajipandisha resi yenyewe, umeiachia kabisa lakini inalia kama mtu kashikilia, ukiilaza upande inalia zaidi, alafu ikazima. Ikawaka tena kwa shida, ikazima, toka hapo basi. Hayo maneno ya resi kujipandisha nikayasikia na nikayaacha yapite, na hapo ndo nilipokosea, nitarudi kwenye hilo.

Kitu cha kwanza nilitoa bamba na cheni nikaweka pembeni, maana kamba inavutwa mara nyingi na sitaki cheni karibu na miguu ya mtu. Nikafunga choki, nikavuta kamba mara 10 hivi, nikafungua plagi.

Plagi kavu. Nikainusa, hakuna harufu ya petroli. Nikaishika na kidole kwenye ile ncha, hakuna unyevu wowote, vumbi jeusi kidogo tu. Sa hapo simama kidogo ufikiri na mimi. Hii ni injini ya 2T, yani ile inayokunywa petroli iliyochanganywa na oili, choki imefungwa, kamba imevutwa mara 10, kama mafuta yangekuwa yanafika plagi ingetoka imelowa inang'aa. Plagi iliyolowa maana yake mafuta yapo, tafuta moto, au umevuta sana na choki ikameza mafuta kupita kiasi. Plagi kavu maana yake mafuta hayafiki ndani ya silinda, na hata ukifunga koili ya dhahabu hakuna cha kuunguza. Yani hiyo peke yake ilitosha kuokoa 35,000 ya mzee.

Ila sikutaka kuamini kitu kimoja tu, nikapima na mengine. Moto kwanza. Plagi ndani ya kofia yake, nimeigusisha chuma kwenye silinda mbali na tundu la plagi, kijana wangu akavuta kamba. Cheche ya bluu, inasikika kabisa tak tak. (Tafadhali msipimie karibu na tundu la plagi, mvuke wa petroli unaotoka pale unashika moto, nimeshaona mtu kaunguza nyusi.) Nikapima na nafasi ya koili na flaiwili (gurudumu lenye sumaku linalozunguka karibu na koili), fundi aliyefunga alikuwa ameacha kubwa kidogo, kawaida huwa 0.2 mpaka 0.3 mm, unaweza kupitisha kadi ya biashara katikati ukakaza, nikarekebisha. Nafasi ya plagi 0.5 mm, hiyo ilikuwa sawa.

Kompresheni. Yani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Kwanza njia ya kienyeji, shika mpini wa kamba inua mashine nzima iachie ining'inie kwenye kamba, ikishuka polepole kwa kushtuka shtuka kuna uhai, ikiteremka shwaa kama ndoo kisimani ujue ringi au pistoni imekwisha. Hii ilishuka kwa kushtuka. Nikafunga geji, nikavuta mara 6, kile kitufe cha kupunguza kompresheni kikiwa kimefungwa, ikasoma 140 psi. Kwa mashine ya cc 70 na kitu iliyofanya kazi miaka hiyo ni nzuri kabisa, kwa uzoefu wangu mateso ya kuwasha yanaanza ikishuka kwenye 100 huko. Nikafungua na ekzosi nichungulie pistoni kupitia lile tundu, nikaona mistari miwili mitatu myembamba upande wa ekzosi, haijachimbika, kucha haikwami. Lakini mistari ilikuwepo. Mashine ilikuwa imeanza kuonja kunoki, yani pistoni kukwama kwenye silinda kwa joto. Hapo nikapata wasiwasi kidogo, nikajiuliza joto hilo limetoka wapi, oili ndogo au hewa nyingi? Kale kawavu ka ekzosi nako kalikuwa kameziba nusu kwa masizi, nikakasugua na brashi ya waya.

Baada ya hapo kipimo ninachokipenda kuliko vyote. Chukua petroli iliyochanganywa vizuri na oili, ujazo wa kijiko cha chai tena pungufu, mimina kwenye tundu la plagi, rudisha plagi, vuta. Mvuto wa pili ikalipuka, ikalia kama sekunde 3, ikazima. Mzee akasimama kutoka kwenye kiti, alikuwa hajaisikia ile sauti wiki mbili. Nikamwambia mzee wangu kaa tu, bado, ila sasa tunajua huyu mgonjwa hana homa, ana njaa. Moto upo, kompresheni ipo, mtu akilishwa mdomoni anaamka, kwahiyo tatizo liko kati ya tangi na silinda na hakuna sababu ya kugusa kitu kingine chochote.

Tukaanza na tangi. Nilimwaga mafuta yote kwenye chupa ya maji ya nusu lita iliyo wazi, nikaiweka dirishani itulie. Dakika 5 tu ukaona chini kabisa kuna kitu kinacheza peke yake, kama punje ya mahindi ya kioo, ukiinamisha chupa inabingirika, haichanganyiki na mafuta. Maji. Nikamuita mzee aone mwenyewe. Akasema kidumu chake kifuniko kilipotea, anaziba na nailoni, na kinakaa nje chini ya mwembe. Na mvua hizi. Filta ya mafuta, ile inayoning'inia kwenye mpira ndani ya tangi, niliivuta kwa waya uliokunjwa ncha, ilitoka nyeusi tii, ukipuliza hewa haipiti vizuri. Nikabadilisha. Mpira wa mafuta wenyewe nikauvuta nje nikauchunguza wote, mzima.

Kabureta. Hapa naomba mtu anayejifunza asome taratibu. Chensoo haina lile bakuli na boya kama pikipiki, maana chensoo inalazwa, inageuzwa, inafanya kazi kichwa chini, boya lingemwaga mafuta. Badala yake kuna vigozi viwili vyembamba, mafundi wengi tunaita daiframu. Kimoja upande wa juu ni pampu, kinavuta mafuta kutoka kwenye tangi. Kingine upande wa pili kinafungua na kufunga sindano ili mafuta yaingie kwa kipimo. Nilipofungua upande wa sindano kigozi kilikuwa kimekauka, ukikigusa kinalia kama ganda la kitunguu, wakati kinatakiwa kiwe laini kinywee. Na gasketi ilikuwa imefungwa juu ya kigozi wakati kwenye kabureta hii upande ule gasketi inatangulia kukaa kwenye mwili wa kabureta, ndo kigozi, ndo kifuniko. Mtu alishafungua akasahau mpangilio. Mimi kabla sijagusa kitu huwa napiga picha na simu, kila hatua, hata kabureta niliyoifungua mara 100.

Kijana akaenda Gerezani kutafuta vigozi na gasketi zake, akarudi nazo kwa 25,000. Nikaosha kabureta, nikapuliza vitundu vyote, nikahakikisha kile kimkono cha sindano kiko usawa na sakafu ya chumba chake, nikafunga kwa mpangilio. Skrubu za mafuta, ile ya resi ya chini na ile ya resi ya juu, nikazifunga mpaka zikae bila kukaza, nikazirudisha mzunguko mmoja mmoja. Tangi nikaweka mafuta mapya. Choki. Kamba.

Mara 10. Hamna kitu. Mara 20. Nikafungua plagi.

Kavu.

Nitasema ukweli hapo mawazo ya kwanza yalikuwa hizi spea ni feki. Ni rahisi sana kusema hivo na pengine mteja angekubali, angetoa 25,000 nyingine, tungefunga vigozi vingine na ingekuwa kavu vilevile. Mvua ikaanza upya, inapiga bati huwezi kusikilizana, nikaacha kazi nikanywa chai nikiiangalia tu ile mashine imefunguliwa pale.

Nikajiuliza swali moja: nani anaisukuma ile pampu? Kile kigozi cha juu hakina umeme, hakina gia, hakina mkono wowote unaokigusa. Kinachokitikisa ni pumzi ya injini yenyewe. Pistoni ikipanda chumba cha kranki, kile kilicho chini ya pistoni, kinavuta, ikishuka kinasukuma, vuta sukuma vuta sukuma, na ile pumzi kwenye mashine ya aina hii inapita kwenye kampira kafupi kanatoka kwenye injini kanaenda kabureta. Kampira haka hakapitishi mafuta, kanapitisha pumzi tu. Pumzi isipofika, kigozi kinalala, na kabureta iwe mpya ya dukani, haitavuta hata tone.

Nikachomoa kabureta tena. Kampira kapo, keusi, kamekaa mahali pake, ukikaangalia hivihivi utaapa ni kazima. Nilishakaona asubuhi ile ile na nikakaruka. Safari hii nikakashika kwa gumba nikakakunja pale kwenye kona, na kona ikafunguka. Mpasuko kama sentimita 1, upande wa chini ambako jicho halifiki, umefunguka kama mdomo wa samaki ukiwa umekunja, ukiachia unajifunga hauonekani tena. Nikakunja nikaachia mara tatu nne hivi. Nikamwita kijana akunje na yeye. Mzee naye akakunja, akasema, "Haka?"

Haka haka. Na hapo maneno yake ya asubuhi yakanirudia yote. Ule mpasuko ulikuwa unafanya mambo mawili kwa pamoja. Kwanza unaipotezea pampu pumzi, mafuta yanapungua. Pili unaingiza hewa ya wizi kwenye injini, hewa nyingi mafuta kidogo, ndo maana resi zilikuwa zinajipandisha zenyewe mtu ameachia, na akiilaza upande ambao kona inakunjuka mpasuko unafunguka zaidi, inalia zaidi. Mchanganyiko wenye hewa nyingi unaungua kwa joto kali, alafu oili nayo inakuja na mafuta, mafuta yakipungua na oili inapungua. Ndo ile mistari kwenye pistoni. Bahati yake ilizima. Ingeendelea kuwaka hivo wiki nyingine angekuwa anatafuta pistoni na silinda, hiyo bei ni ya kununua mashine nyingine kabisa iliyotumika.

Kwahiyo mtu akikwambia chensoo inajipandisha resi yenyewe alafu inazima, usiende kuipunguza kwa skrubu ya silensa, ile ya kuweka resi mtu akiwa ameachia. Tafuta hewa inakoingilia: kampira haka, ule mpira mkubwa kati ya kabureta na silinda, na sili za kranki huku na huku.

Kwanini kanapasuka pale pale kwenye kona? Chensoo imegawanyika vipande viwili, kuna injini inayotetemeka na kuna mwili wenye vishikio na tangi, katikati kuna mipira au springi ili mikono ya mtu isife ganzi. Kampira haka kamefungwa mguu mmoja huku mguu mwingine kule, kwahiyo kila injini inapotetemeka kenyewe kanakunjwa. Miaka kanakunjwa, joto juu yake, mafuta juu yake, lazima kuna siku kachoke. Ndo maana nikakataa waliponipa Kariakoo kipande cha mpira wa petroli wa pikipiki, wanakwambia fundi kata saizi yako 2,000 tu. Ule mgumu, haukunjiki, utapasuka haraka au utachomoka, na ukipata laini wa ukuta mwembamba unanywea pumzi inapovutwa. Gundi pia hapana, na selotepu hapana, nimeshaona zote mbili na zote zinarudi. Nilishuka kwa miguu Barabara ya Uhuru yote na mvua yake, duka la nne ndo nikapata wenyewe uliokunjwa kiwandani, 8,000.

Nikafunga. Choki, mvuto wa 5 ikapiga mlio mmoja, puh, ikazima. Hiyo ndo sauti unayoisubiri, ukiisikia toa choki haraka weka nusu, ukiendelea kuvuta na choki imefungwa utailowesha plagi na utaanza safari nyingine. Mvuto wa 2 ikakubali. Moshi mweupe ukajaa kijiweni, jirani yangu anayechomelea mageti akatoa kichwa.

Niliiacha ipate joto dakika 3, nikarudisha bamba na cheni, nikarekebisha skrubu ya chini mpaka ikawa inapokea resi bila kusita, silensa nikaiweka cheni isizunguke ukiachia, na ile ya juu nikaiacha upande wa mafuta mengi kidogo, ukishikilia mpaka mwisho bila mzigo sauti iwe na kukwaruza kidogo, ukiingiza kwenye mti sauti inasafika. Usiifunge mpaka ilie nyembamba kama mbu ukadhani ndo nguvu, hapo unaiunguza.

Nina gogo la mwembe nyuma ya kijiwe kwa ajili ya majaribio. Mashine ya kukata miti huwezi kuijaribu kwa kuisikiliza tu ukampa mtu. Mzee akakata mwenyewe, vipande vinatoka, furaha, dakika 12 hivi ikaanza kulegea, ikafa. Akaniangalia. Nikafungua kifuniko cha tangi taratibu na tukasikia wote, fssss, tangi linavuta hewa. Tundu la kupumulia la tangi limeziba. Mafuta yanatoka, hewa haiingii, baada ya muda tangi linayashikilia mafuta. Ni unga wa mbao uliochanganyika na oili umekuwa kama ugali mle ndani. Nikasafisha, ikakata dakika 40 bila kusita, gogo langu likawa kuni.

Likabaki suala la mafuta na hilo sikumuachia aondoke nalo. Alikuwa anapima oili kwa kifuniko cha chupa, kwa macho, na oili yenyewe ni ile ya 2T ya kawaida. Vitabu vya Stihl vya mashine za namna hii vinasema 1:50 ukitumia oili yao wenyewe, maana yake ml 20 kwa lita moja ya petroli, na ukitumia oili ya 2T ya aina nyingine ni 1:25, ml 40 kwa lita. Nikamwambia wewe kwa oili yako ni ml 40, na oili ya injini ya gari usiweke kabisa. Kijana akavuka barabara kwenye duka la dawa akanunua bomba la sindano la ml 20, bila sindano, nikamuonesha, mabomba mawili kwa lita moja, changanya kwenye kidumu chenye kifuniko, tikisa, ndo mimina. Na changanya ya kutumia siku chache tu.

Ile koili yake ya zamani alikuwa ameibeba kwenye kiroba. Nikaifunga mbele yake, nikapima, cheche ya bluu ile ile. Nilimrudishia nikamwambia aifunge kwenye kitambaa aiweke pakavu, itamfaa siku moja. Hakusema kitu. Alivyoiangalia nilijisikia vibaya kwa niaba ya mafundi wote.

Hesabu yetu ilikuwa vigozi na gasketi 25,000, kampira 8,000, filta 5,000, na ufundi 20,000. Kama asubuhi ningekunja kile kipira kabla ya kuagiza vigozi ningemaliza saa sita mchana, ingawa vile vigozi kwa hali yake vilikuwa vinatakiwa kubadilishwa tu. Sasa hivi ikija chensoo yoyote yenye plagi kavu, nakunja kwanza kampira alafu ndo nashika bisibisi.

Alhamisi akanipigia, mjohoro umeshatoka juu ya jiko, jirani kachukua kuni zake. Akauliza kile kipimo cha ml 40 anaweza kukitumia na kwenye mashine yake ya kukatia majani. Nikamwambia mzee wangu angalia kwanza kwenye kifuniko cha tangi lake wameandika ngapi, alafu nisomee.